Picha Niliyoisifia Bila Kuifungua

Kaka Elia,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, yangu utaipata humuhumu, kwa hiyo salamu tuziruke. Ni Jumamosi asubuhi, nimekaa jikoni kwangu hapa Tunduma, chai imeshapoa, na simu zote mbili nimezizima ili madereva wa malori ninaowashughulikia nyaraka mpakani wasinitafute. Usicheke. Najua ulivyokuwa ukinisema kwa watu: Nambeye ana simu mbili na hapokei hata moja.

Jumapili ile uliniuliza swali nami sikukujibu. Jumatano ukafariki. Miezi minane nimelala nalo na kuamka nalo, na leo nimekaa chini ili nilijibu. Lakini nikikupa jibu tu hivihivi utasema nimerukia hukumu kabla ya kuangalia. Basi vumilia, nikupitishe nilikopita.

Nianze na msiba wako, maana wewe peke yako ndiye ambaye hukuuona. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa ukingoni mwa shamba la kahawa. Wenzako wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa walifunga mizani siku mbili, hakuna aliyepima hata kilo. Sisi wa grupu letu la picha tulikuja kumi na saba, na kwa mazoea tu kila mtu alikuwa na kamera shingoni kana kwamba tumealikwa harusini. Halafu tukaiona picha yako juu ya jeneza. Picha ya pasipoti, kaka! Ile ya kitambulisho chako cha kazi, imekuzwa mpaka imefifia, nyuma bluu, masikio yametoka, macho yamekutoka kama umeulizwa swali la hesabu. Wapiga picha kumi na saba tumesimama pale, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na picha yako. Kila tulipokuelekezea lenzi uligeuka. "Piga kahawa hiyo, mimi nitakuharibia picha." Nasi tukacheka, tukapiga kahawa. Aibu niliyoiona siku ile sijawahi kuiona mahali popote.

Unakumbuka siku ya kwanza nilipokuja kwako Vwawa? Nilikuwa nimevuka mpaka kwenda Nakonde, nimenunua kamera iliyotumika, najiona nimefika. Ukaichomoa lenzi, ukaimulika kwa tochi ya simu, ukanionyesha vinyuzi vyeupe ndani ya kioo kama mizizi ya nyasi. "Huu ni ukungu, dada. Kamera hii ilifungiwa kabatini muda mrefu." Nikaumia. Ili nijifariji nikakuonyesha picha zangu, kama arobaini hivi, malori na watu wa mpakani. Ukaziangalia zote bila haraka, chai yako ikapoa kama yangu hii, halafu ukasema: "Watu wako wote wana migongo."

Basi, hukusema nzuri wala pole. Ukaongeza tu kwamba lenzi itasafishwa, lakini mimi nawaogopa watu, nangoja wapite ndipo nibonyeze. Jamani nilinuna! Nilinuna wiki tatu nzima. Kwa mama nilikuita mpima kahawa asiye na haya. Wiki ya nne nikamfuata yule mama anayechoma mahindi kwenye foleni ya malori, nikamsalimia, nikamwomba, nikampiga picha uso kwa uso. Nikakutumia. Ukajibu maneno matatu: "Sasa nimeona mtu." Ujumbe huo ninao mpaka leo. Na tangu siku hiyo ukaacha kuniita dada wa mpakani, ukaanza kuniita Nambeye, kwa jina la ukoo wangu, kama tunavyoitana nyumbani.

Wewe ndiye uliyetuletea mtindo wa kichanja. Wengine wetu hata kahawa hatulimi, ukatueleza: kahawa ikishaoshwa inaanikwa juu ya kichanja, watu wanakizunguka, wanachambua punje mbovu mojamoja kwa mkono. Ukasema na picha zianikwe vivyo hivyo. Kila Jumapili baada ya ibada mtu mmoja anaanika picha moja kwenye grupu, wengine tunachambua. Sheria ilikuwa moja tu. Kabla hujasema nzuri au mbaya, taja vitu vitatu unavyoviona. Na mtu akijifanya mjanja akaandika "safi sana" akakimbia, ulikuwa unamrudia palepale: "Umeona nini?"

Bosco wa duka la dawa hatasahau. Aliandika "kali hiyo" kwenye picha ya ng'ombe, ukamuuliza umeona nini, akajibu kwa kujiamini, ng'ombe watatu. Walikuwa wanne. Wa nne alikuwa nyuma ya mti, mkia tu unaonekana. Tulimcheka mwaka mzima, na mpaka leo akiingia mahali watu wanamuuliza wa nne yuko wapi. Na yule mwinjilisti aliyetaka kununua lenzi ndefu kama bomba la maji, ukamwambia: "Hiyo ni ya kupiga ndege, mtumishi. Wewe unapiga kwaya. Sogea mbele." Akasogea. Picha zake sasa zinaonyesha mpaka meno ya sauti ya nne.

Nakumbuka pia Ibaba, nyumbani kwa kina wifi Sekela, mkeo. Uliniamsha alfajiri tukapige milima, tukakuta ukungu umefunika kila kitu, hata mbuzi wa mlangoni hawaonekani. Tukakaa kwenye gogo tukila viazi vya moto alivyotuletea mama mkwe wako. Kamera ukaiweka mapajani. Nilikuuliza tunangoja nini, ukasema, "Hatungoji. Tunaangalia." Nilikuona mwehu. Tulirudi bila picha hata moja ya maana, na bado ndiyo safari ninayoikumbuka kuliko zote.

Halafu ukaugua. Kila nilipokuja ulikuwa umepungua, shati linaongezeka ukubwa, na mkono wa kulia ukaanza kutetemeka mpaka kikombe unakishika kwa mikono miwili. Zamu yako ya kuanika ilipofika tukasema turuke, upumzike. Ukakataa katakata.

Jumapili ile nilikuwa kazini, maana mpaka haujui Jumapili. Nyaraka za malori mawili zilikuwa zimegoma, dereva mmoja kutoka Kitwe, ng'ambo ya mpaka, ananifuata kila ninapogeuka akiniita dada kwa namna ya kwao, "ba sister, ba sister", jua linachoma, simu ikatetemeka. Nikaona jina lako. Picha ilikuwa haijafunguka, lile wingu la kijivu tu na kimshale cha kuipakua.

Sikuipakua, kaka.

Nisijitetee kwa kazi. Kidole kilikuwa palepale, sekunde moja ingetosha. Nilijua unaumwa, nilijua mkono unatetemeka, nikawaza moyoni kwamba itakuwa mbaya, na sikutaka kuiona ikiwa mbaya. Nikaandika, tena wa kwanza kabisa: "Nzuri sana kaka. Mungu akuinue." Nyuma yangu wakaja wote kama kondoo, safi, safi sana, moto, na vile vimikono vya kusali. Wewe hukumjibu mwingine yeyote. Ulinijibu mimi: "Asante Nambeye. Umeona nini?"

Nikasema nitajibu jioni. Jioni nikasema kesho, nikiwa nimetulia. Jumanne nikaliona swali lako tena nikaona haya, nikafunga simu. Jumatano saa nne asubuhi wifi Sekela akanipigia, na kabla hajasema neno nilijua.

Ulipita mwezi na zaidi ndipo nikapata moyo wa kukibonyeza kile kimshale. Simu ikaniambia faili halipo tena. Ikaniambia nimwombe aliyenitumia anitumie upya. Nimwombe aliyenitumia! Nilicheka, kaka, nilicheka kama mgonjwa, halafu nikalia mpaka jirani akaja kubisha hodi.

Ungesema, si uwaombe wenzako wakutumie? Ningewaombaje? Walikuwa wameshanichagua mimi kushika grupu baada yako, na unajua sababu waliyoitoa? Kwamba Nambeye ndiye aliyekuwa karibu naye, ndiye aliyemjibu wa kwanza siku ile ya mwisho. Nikakubali. Nikakaa kwenye kiti chako na uongo wangu chini ya makalio.

Na grupu likaharibika mikononi mwangu. Mtu akiandika "safi sana" mimi ndiye niliyepaswa kumuuliza ameona nini, na maneno hayo yalikuwa hayanitoki. Nikiyaandika nayafuta. Basi wakazoea. Jumapili baada ya Jumapili kila kitu ni safi. Picha ya giza, safi. Bwana harusi hana miguu, safi. Mtu ameuliza anunue kamera gani, tunamwambia yoyote tu, Mungu ni mwema.

Akaingia msichana mmoja, Lightness, mwalimu wa shule ya msingi kule Mbangala, ana simu tu lakini ana hamu. Akaanika picha ya bibi yake anapepeta mahindi. Bibi wa watu alikuwa na nguzo ya umeme imemwota kichwani, imenyooka hivi, na waya zake! Wote tukaandika safi. Mimi nikaongeza ua. Lightness akaandika: "Nimewaonyesha kwa sababu sijui. Kama kila kitu ni safi, nitajifunza kwa nani?" Akatoka kwenye grupu. Nikahisi kama wewe ndiye uliyetoka, mara ya pili.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yangu ya kuanika. Sikuweka picha. Niliandika kila kitu, kimshale, lori, "nzuri sana", swali lako, simu iliyoniambia nikuombe wewe. Nikawaomba, aliye na picha ya mwisho ya kaka Elia anisaidie. Kisha nikaiweka simu chini ya mto nikaenda kufua, maana sikuweza kukaa nayo.

Niliporudi nikaitoa simu chini ya mto. Halafu Bosco akaandika: "Hata mimi sikuifungua. Niliogopa." Baada yake mwinjilisti. Baada yake mwingine, na mwingine. Kaka, watu kumi na saba! Mmoja tu ndiye aliyeifungua, na simu yake ilishaibiwa stendi. Wewe tuliyekuwa tunakuogopa kwa kuuliza tumeona nini, Jumapili yako ya mwisho karibu wote hatukukuangalia. Tulikuonea huruma wote kwa pamoja, na huruma yetu ikawa ya kukupa kisogo.

Jumamosi iliyopita nikapanda gari, nikaja Vwawa kwa wifi Sekela. Nilimwambia yote tukiwa bado mlangoni, kabla hajanikaribisha, nikihofia kwamba nikikaa nitabadilisha maneno. Akanisikiliza, akanishika mkono, akanivuta ndani. Kamera yako hakuwa ameiwasha. Aliogopa kubonyeza kitu akafuta. Aliifunga kwenye kitenge akaiweka kabatini, na betri ilikuwa imekufa, kwa hiyo tukaichaji huku tukimenya ndizi.

Nikamuuliza kama ulikasirika. Wifi akaacha kumenya. Akasema ulikaa na simu mkononi Jumatatu nzima na Jumanne, mpaka yeye akachukia, akasema huyo Nambeye vipi. Ukamwambia: "Muache, mpakani kuna kazi. Akipata nafasi ya kuiangalia atajibu. Nambeye hasemi bila kuangalia."

Weee kaka. Bora ungekasirika. Ungenitukana ningejua pa kukaa. Nililia pale jikoni kwa wifi mpaka yeye mwenye mume ndiye akaanza kunibembeleza mimi.

Betri ikajaa. Tukaiwasha. Sasa nakujibu.

Nimeona dirisha la chumba chako, kutoka ndani, ukiwa umekaa kitandani. Hilo la kwanza. La pili, nimeona kichanja chako uani, kitupu, na kuku mweupe amepanda juu yake, ambaye ungekuwa na nguvu ungemtimua. Nikaona yale mawili nikataka kuridhika. Halafu nikakumbuka mkia wa ng'ombe wa Bosco, nikaikuza picha, nikaiangalia tena pole pole. La tatu liko kwenye kioo cha dirisha, pale ambapo nyuma yake kuna giza la mparachichi. Uko wewe. Hukuweza kuinua kamera mpaka machoni, umeishika kifuani, na kwa sababu hiyo uso wako uko wazi. Umekonda, ndevu hazijanyolewa, na unacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Na chini ya kiwiko chako kuna mkono wa wifi, umekushikilia usitetemeke.

Sijui kama ulikusudia. Nimeangalia sana, na sijui. Lakini hiyo ndiyo picha yako pekee tuliyonayo, nasi tuliiandikia safi na kuiacha imefungwa.

Sasa mabaya, maana hukunizoeza kukudekeza. Picha imelalia kushoto. Fremu ya dirisha imekula theluthi nzima. Fokasi imeshika vumbi la kioo badala ya kitu chochote cha maana, na anga lote limeungua, jeupe pee. Kuku yuko katikati kabisa ilhali si yeye mkuu wa picha. Ungekuwa mzima ningekuambia usogee hatua mbili kulia. Ila isikatwe. Mtu akijaribu kuipunguza ili aondoe ile fremu, ataondoa na mkono wa wifi.

Na vifaa je? Nilichomoa lenzi yako nikaimulika kwa tochi kama ulivyonifundisha. Ina ukungu! Lenzi ya Elia, aliyetusimanga wote, ina vinyuzi vyeupe pembeni kama ile yangu ya Nakonde. Nilicheka mpaka wifi akaja kuuliza kuna nini. Usihofu, nimemwambia kabatini haikai tena, na atasafishiwa na yule fundi wako wa kamera.

Wifi hakuuona mkono wake kwenye picha mpaka nilipomwonyesha kwa kidole. Akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea, kwamba kamera hatampa mtu, anataka nimfundishe yeye. Ile pasipoti yako ya bluu tumeitoa sebuleni. Pale ukutani sasa upo wewe na kuku wako, mmelala upande wa kushoto.

Lightness nilimwandikia faragha. Nilimwambia nimeona bibi, nimeona ungo, nimeona nguzo ya umeme. Siku ya tatu akajibu, "Nguzo gani?" Dakika moja baadaye: "Mungu wangu, nguzo!" Amerudi kwenye grupu, na bibi amepigwa upya, safari hii kichwani ana kilemba chake tu.

Kesho ni Jumapili, na anayeanika ni wifi Sekela, picha yake ya kwanza maishani. Hajaniambia amepiga nini. Nimemwonya kwamba sitamwonea huruma, akanijibu nijaribu kumwonea nione. Kwa hiyo kesho baada ya ibada nitaketi hapahapa, nitaifungua, nitaingoja ifunguke yote, nitaikuza, ndipo niseme. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, kaka, kwa picha ya wifi na ya mtu mwingine yeyote. Kibaya nitakitaja. Na nikiogopa kuangalia, nitasema naogopa, lakini nitaangalia.

Sasa weka simu chini, upumzike. Usiningoje tena. Nimeiangalia.

Dada yako,
Nambeye